Vidole Vitatu

Jumamosi jioni, Mama Ngina, watu wamejaa kama kawaida. Watoto wanakimbizana chini ya mibuyu, mabarobaro wanapigana picha, meli ya makasha inaingia Kilindini polepole, karibu mno, utadhani ukinyoosha mkono utaigusa. Nilikuwa nimekaa nyuma ya meza ya Mama nikimsaidia kufunga kachri za muhogo. Nikachukua moja, nikaipeleka mdomoni, nikapanua kinywa. Kinywa kikakataa.

Si kwamba kiliuma. Kuuma nilishazoea. Kilikataa. Kilifunguka upana wa kidole kimoja na nusu kikasimama, kama droo iliyokwamishwa na upawa ndani. Nikajaribu tena. Upande wa kushoto, mbele kidogo ya sikio, kitu kikagoma.

"Mbona wakodoa macho?" Mama akauliza.

"Pilipili," nikasema, meno yamekaribia kugusana.

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yangu siku hizo. Mama akiuliza, namjibu kitu cha haraka ambacho si kweli.

Wakati huo nilikuwa na miaka miwili tangu niache chuo, na yeye hajui. Nilikwama mwaka wa tatu. Masomo matatu nilifeli, karo ikachelewa, nikakosa mtihani mmoja, halafu wa pili, halafu nikaona haya hata kumpigia simu mhadhiri. Hakuna siku niliyoamua kuacha. Niliacha kwenda tu. Nikarudi nyumbani kwetu Kibokoni, nikamwambia Mama siku hizi tunasoma kwa mtandao. Tangu korona kila mtu anajua masomo ya mtandaoni yapo, kwa hivyo uongo wangu haukuhitaji hata kupambwa.

Na ukinitazama, kweli nilikuwa nasoma. Usiku kucha niko kwenye laptopu, makala za utafiti zimefunguka kumi, naandika, nafuta, narekebisha. Ila nilichokuwa nikiandika ni insha za watu wengine, wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia wanaomlipa mtu wa Kenya awafanyie kazi zao za chuo. Biashara hii wengi wenu mnaijua, na baadhi yenu mnasoma hapa huku oda imefunguka dirisha la pili. Akaunti yenyewe haikuwa yangu, nilikodi, na mwenyewe akishakula chake mimi nabaki na shilingi 300 kwa ukurasa. Nimeandika uuguzi, sheria, uchumi wa samaki. Mtu niliyeshindwa kumaliza shahada yangu moja, sijui nimewamalizia wangapi zao.

Mama akipita usiku kwenda chooni huona taa ya laptopu, anasema, "Soma, babangu. Mungu yuwaona." Muhula mmoja aliniletea shilingi elfu kumi na mbili zimefungwa kwenye pindo la leso, pesa za kachri, za karo. Nilizipokea.

Dedilaini za Marekani huangukia alfajiri yetu, kwa hivyo muguka. Najua kuna mtu atasema muguka ni wa wahuni. Mimi nawajua walimu, madereva wa tuktuk na vijana wa mtandaoni kama mimi wanaoutafuna ili macho yakae wazi. Naweka shavu la kushoto, na njugu, na chingamu ya kuua uchungu, kutoka saa nne usiku hadi adhana. Mei 2024, Gavana Abdulswamad Nassir alipoupiga marufuku hapa Mombasa na Kilifi ikafuata, kelele zilikuwa nyingi. Wakulima wa Embu wakalia, mahakama ikaisimamisha amri. Sisi tulibishana kuhusu kodi, vijana na akili. Sikusikia mtu akitaja mataya, ingawa Yemen, ambako mirungi hutafunwa mchana kutwa, watafiti wamekuwa wakiandika kwa miaka mingi juu ya watafunaji wenye viungo vya taya vinavyolia na kuuma.

Lakini sitausingizia muguka peke yake. Hata siku nisizotafuna nilikuwa naamka meno yameumana, mashavu yamechoka kama miguu ya mtu aliyetoka kukimbia. Mchana nikiandika, nikishtuka nakuta nimeyakaza. Mama akisema "chuo" tu, nayakaza.

Kabla ya kufika kwenye mazoezi, kuna jino. Maumivu yalipoanza nilienda kliniki moja ya meno, sitaitaja. Nilionyesha kushoto, nikaambiwa gego la mwisho lina walakini, likang'olewa. Wiki mbili baadaye jino halipo na maumivu yapo palepale. Kliniki ya pili wakasema si jino, ni kiungo, na dawa yake ni kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku. Bei yake ilikuwa kurasa hamsini za insha. Nikasema nitarudi. Sikurudi.

Baada ya siku ile ya kachri ndipo nilipokwenda hospitali ya umma, nikapanga foleni, nikatumwa chumba cha fiziotherapia. Kule nilizoea kuona wazee wa kiharusi na vijana wa ajali za boda. Sikujua kwamba taya nalo lina mazoezi yake. Dada aliyenihudumia alinikalisha mbele ya kioo, akaniambia nifungue kinywa, akanipima kwa rula kati ya meno ya juu na ya chini. Milimita 24. "Mtu mzima kwa kawaida anafika arobaini au zaidi," akasema. "Nyumbani huna rula? Tumia vidole vyako vitatu, uvisimamishe. Vikiingia, uko sawa."

Vyangu kiliingia kimoja, cha pili kikabanwa kwenye kiungo.

Akanieleza kiungo chenyewe kinavyofanya kazi, na mpaka leo nakipenda kile alichosema. Weka vidole mbele ya masikio yako sasa hivi, ufungue kinywa taratibu. Umesikia? Mlango wa kawaida hufunguka kwa bawaba na bawaba inabaki palepale. Taya huanza kwa kuzunguka kama bawaba, kisha bawaba yenyewe inateleza mbele. Katikati ya mfupa na mfupa kuna kisahani cha gegedu kinachosafiri nalo. Kisahani kikitangulia au kikichelewa, unasikia mlio, "tak". Kikikwama mbele na kukataa kurudi mahali pake, kinywa hakifunguki. Na mara nyingi kiungo hakina neno kabisa, ni misuli ya shavu na kipaji iliyokazwa hadi ikasahau kulegea.

Akaniambia pia mlio peke yake, bila maumivu, si ugonjwa wa kutibiwa. Watu wengi wanao. Na akanionya: taya likikwama baada ya kupigwa, au kukiwa na uvimbe na homa, au shavu likifa ganzi, hayo si ya mazoezi, ni ya daktari. Na maumivu ya taya yakija pamoja na kifua kubana, usianze kupanua kinywa, kimbia hospitali, huo huenda ukawa moyo.

Kisha akanipa karatasi ya mazoezi iliyofotolewa mara nyingi hadi mchoro wa kichwa umekuwa kivuli. "Mara kadhaa kwa siku, na uwe na mtu wa kukutazama. Taya lako linakwenda upande." Nikasema sawa. Karatasi nikaiweka kwenye begi la laptopu. Ikakaa humo.

Wiki tatu baadaye ikaja oda. Sitawaficha, nilicheka peke yangu kwa kadiri kinywa kilivyoniruhusu. Mwanafunzi wa fiziotherapia, nchi ya mbali: linganisha tiba za mazoezi kwa maumivu na hitilafu ya kiungo cha taya. Kurasa kumi, siku nne. Nikaichukua kabla mwingine hajaichukua.

Ndivyo nilivyosoma kwa makini kwa mara ya kwanza juu ya mwili wangu mwenyewe, kwa shilingi 300 kwa ukurasa, ili mtu mwingine apate alama.

Nilichokuta, kwa ufupi, ni familia kadhaa za mazoezi. Kuna ya kunyoosha. Unaweka kidole gumba kwenye meno ya juu na cha shahada kwenye meno ya chini, unapanua kinywa kama mkasi, taratibu, unashikilia. Hospitali nyingine hutumia vijiti bapa vile vya daktari vya kukandamizia ulimi, wakivipanga kimoja juu ya kingine katikati ya meno na kuongeza kimoja kimoja kadiri siku zinavyokwenda. Haya ni ya mtu ambaye kinywa hakifunguki.

Kuna ya ukinzani. Ngumi chini ya kidevu, unajaribu kufungua huku ngumi inakataa. Kiganja ubavuni mwa taya, unasukuma kushoto huku kiganja kinasukuma kulia. Taya halisogei, misuli ndiyo inayofanya kazi.

Kuna ya uratibu, ya kulifunza taya kwenda njia yake. Tamka neno "nazi" na usimame kwenye ile n. Ncha ya ulimi imegusa kaakaa, nyuma kidogo ya meno ya mbele. Hapo ndipo nyumbani kwa ulimi. Ukiuacha hapo, ukafungua kinywa bila kuubandua, taya haliwezi kukimbilia mbele wala upande. Linazunguka tu, sawasawa.

Kuna ya shingo na mabega, kwa sababu kichwa kinachotangulia mwili, kile kichwa cha mtu wa laptopu, huivuta misuli ya chini ya taya mchana kutwa. Na kuna ya kuulegeza mwili mzima, kupumua, kutembea, kuyaachanisha meno. Midomo imefungwa, meno hayagusani. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita na sikujua kwamba meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana muda wote. Yanatakiwa kukutana wakati wa kutafuna na kumeza, basi.

Mchile mmoja, Mariano Rocabado, alizikusanya baadhi ya hizi katika mpango unaojulikana kama sita kwa sita: mazoezi sita, kila moja mara sita, mara sita kwa siku. Unavutia kwa sababu unahesabika. Lakini jaribio la Marekani lililochapishwa 2007, kwa watu wenye maumivu ya misuli ya kutafunia, lilikuta kwamba kuuongeza juu ya maelekezo ya kawaida ya kujitunza hakukuleta nafuu ya ziada. Nilipoyasoma hayo saa tisa usiku nilikata tamaa kidogo. Halafu nikakuta mwongozo wa kimataifa uliotoka kwenye jarida la BMJ mwishoni mwa 2023, uliopanga tiba za maumivu ya taya yaliyokaa miezi mitatu na zaidi. Ulipendekeza kwa nguvu mazoezi ya taya na ya mkao yanayofanywa chini ya usimamizi, tiba ya mikono, tiba ya kisaikolojia ya kubadili mazoea ya mawazo na tabia, na maelezo mazuri kwa mgonjwa pamoja na mazoezi ya nyumbani. Vile vifaa vya plastiki, hata vile vya kuvaa na kuvua, haukuvipendekeza.

Nikaangalia pengo la gego langu kwa ulimi, nikafikiri juu ya kurasa hamsini nilizookoa.

Ukilinganisha zoezi na zoezi, nani mshindi? Hapo ndipo insha ilinishinda. Tafiti nyingi ni ndogo, watu thelathini huku, arobaini kule, na tofauti kati ya kundi la zoezi hili na kundi la zoezi lile mara nyingi ni ndogo. Neno lililokuwa linarudi rudi si jina la zoezi. Ni "usimamizi". Mimi nikaandika hitimisho letu la siku zote, kwamba utafiti zaidi unahitajika, nikatuma, nikalipwa.

Kisha nikaitoa ile karatasi kwenye begi.

Nilianzia Mama Ngina kwa sababu nyumbani hakufai. Kibokoni kuta ni nene lakini madirisha yanatazamana. Ukipanua kinywa mbele ya kioo, mtoto wa jirani atakuigiza mwezi mzima. Mama Ngina, tangu bustani mpya ifunguliwe 2019, kila mtu ana simu mbele ya uso wake. Mimi nikaweka yangu ukutani, kamera imenigeukia, nikafungua na kufunga kinywa. Hakuna aliyenitazama mara mbili. Walidhani ni TikTok.

Siku za kwanza nilifanya ukinzani, kwa sababu ngumi chini ya kidevu ilinifanya nijione mwanamume anayefanya mazoezi. Nilisukuma kwa nguvu zote. Usiku ule sikulala kwa maumivu. Kumbe misuli yangu ilikuwa imekazana siku nzima, na mimi naiongezea kazi. Nikageukia kunyoosha. Asubuhi kwa kitambaa cha maji ya moto shavuni kwanza, kisha vidole kama mkasi. Hilo lilinipa milimita kadhaa, nikafurahi, nikavuta zaidi, nikasikia "tak" kubwa, nikaogopa, nikaacha siku nne.

La "nazi" lilinichosha kwa sababu halina kishindo. Unafungua kidogo tu, unafunga. Ila kwenye kamera ndipo nilipoliona taya langu kweli kweli. Lilikuwa likishuka, likakimbia kushoto, halafu likarudi, kama boda anayekwepa shimo. Miaka miwili nimekuwa nikizungumza na watu nikiwa hivyo.

Na nilikandwa. Mama alinipeleka kwa bibi mmoja mkandaji, jirani yetu, aliyewakanda wazazi nusu ya mtaa. Alinipaka mafuta ya habasoda, akatia kidole gumba kwenye msuli wa shavu, akabonyeza pale pale penye fundo, akanyamaza. Nilitokwa na machozi. Alipotoa, kinywa kikafunguka kuliko siku zote, na kesho yake kikarudi kilipokuwa. Nilikwisha andika ukurasa mzima juu ya tiba ya mikono na sikujua nilikuwa namwandika bibi yule.

Kwa hivyo mwezi ulipita, nina kila zoezi na sina hata moja. Leo hili, kesho lile, keshokutwa oda imenibana sifanyi kitu. Ndipo Mama aliponikuta.

Alikuwa ameishiwa sarafu, akaja ukutani kunitafuta nimbadilishie noti. Akanikuta nimekodoa kamera, kinywa wazi, ulimi juu.

"Wafanya nini?"

Mara hii sikuwa na pilipili ya kusingizia. Nikamwonyesha karatasi. Aliishika mbali na macho, akageuza juu chini, akauliza kila mchoro. Kisha akasema, "Njoo ukae hapa mezani. Mimi ntahesabu."

Kuanzia siku hiyo, saa kumi na moja kamili, kabla wateja wa magharibi hawajajaa, nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na Mama akahesabu. Hakujua habari za BMJ. Alikuwa na jicho. "Lakwenda kombo. Rudi. Moja." Mtu akija kununua anamhudumia, anamrudishia chenji, anaendelea palepale alipoachia. "Nne. Usiharakishe, hakuna anayekufukuza." Akikuta nimekaza meno nikiangalia simu, ananigusa kidevu kwa ncha ya kidole bila kusema neno. Nadhani hicho kidole kilifanya kazi kuliko mazoezi yote.

Wiki ya tatu nilikuwa kwenye mara ya tano ya "nazi", kinywa wazi, ulimi kwenye kaakaa, akaniuliza, "Na mahafali n'lini? Wenzangu wa chama wauliza. Twataka kukodi basi."

Zoezi lile huwezi kulifanya huku unazungumza. Nilifunga. Akasema, "Sita," akangoja nimalize. Nikafungua mara ya sita, nikafunga. Feri ilikuwa inavuka kwenda Likoni, imejaa watu hadi ukingoni. Nikamwambia.

Nilimwambia yote, na elfu kumi na mbili. Hakulia wala hakupiga kelele. Akaja mteja, akataka kachri za hamsini, ndimu nyingi pilipili kidogo. Mama akamtilia, akampa, akamshukuru. Kisha akauliza kile ambacho sikukitarajia.

"Huyo uliyemwandikia ya mataya. Yeye ndiye atakuwa daktari wa mataya?"

"Fiziotherapia, Mama."

"Na akija mtu na taya lake kama hivi lako?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejifikiria mimi na yeye, uongo na pesa. Sikuwa nimemfikiria mgonjwa wa mbali, amekaa mbele ya kioo, anamwamini mtu aliyeninunulia kurasa kumi.

Ningependa kuwaambia kwamba taya lilifunguka usiku ule. Hadithi nyingi zingeishia hapo: kijana kasema kweli, kinywa kimefunguka. Haikuwa hivyo. Niliamka meno yameumana kuliko jana. Mama hakuhesabu kwa siku tisa. Alinisalimu, alinipa chakula, alikaa mezani akatazama bahari. Mimi nilikaa kwenye ndoo nikajihesabia, na nikiwa mkweli, nilifika sita siku mbili tu kati ya hizo tisa. Siku nyingine niliishia tatu nikashika simu. Kama kuna mtu anataka kujua tofauti kati ya mazoezi yanayosimamiwa na yasiyosimamiwa, hiyo hapo, ingawa mgonjwa ni mmoja na jarida halitaichapisha.

Siku ya kumi alipanga pakiti zake, akafuta meza, akasema bila kunitazama, "Haya, fungua."

Hakusema amenisamehe na mimi sikumuuliza. Chama walikwisha ambiwa basi halitakodiwa. Elfu kumi na mbili namrudishia mia tano kwa wiki, anazitia kwenye mkebe wa maziwa na kuandika kwa kalamu kwenye kifuniko. Insha za watu niliziacha, si siku ile, ilichukua miezi, kwa sababu tumbo halingoji dhamiri. Sasa naandika makala za kampuni za utalii, za mitandao ya simu, na hizi. Zinalipa kidogo zaidi au kidogo chini, kutegemea mwezi. Muguka nimepunguza, sijauacha. Nikitafuna nabadilisha shavu na nalala kabla ya adhana.

Kwa hiyo linganisho langu, lile ambalo sikuliandika kwenye kurasa kumi, ni hili. Kama kinywa chako hakifunguki, kunyoosha kutakusaidia, ila vuta kidogo na kila siku. Kama kinafunguka lakini kinakwenda kombo, la ulimi kwenye kaakaa, mbele ya kioo. Ukinzani mwanana, maumivu yakishapungua, usianze nalo kama mimi. Shingo, kama kazi yako ni laptopu. Kukandwa kunafungua mlango, lakini kesho yake unafungika usipofanya zoezi. Yote hayo yako karibu karibu, na wataalamu wenyewe hawajampata bingwa. Kinachoyatenganisha ni kama utayafanya leo, na kesho, na siku ambayo umeaibika na huna hamu. Wengi wetu siku hiyo hatuyafanyi tukiwa peke yetu. Tafuta mtu wa kuhesabu. Kama unaweza kumpata fiziotherapia, aanze yeye, akuonyeshe, kisha mtu wa nyumbani aendelee. Na huyo wa nyumbani usimdanganye, kwa sababu utakaa mbele yake kinywa wazi kila siku.

Wiki ya kumi na mbili nilirudi hospitali. Dada alichukua rula yake. Milimita 38. "Bado mbili tatu," akasema, "lakini limenyooka." Mlio bado upo, "tak", hasa asubuhi. Hauniumi.

Jioni yake nilikwenda Mama Ngina, nikasimamisha vidole vitatu mbele ya Mama. Viwili vikaingia vizuri. Cha tatu kikaingia kwa kusukumwa, kikabaki kimebanwa, mate yananitoka, watoto wa meza ya pili wananicheka.

Mama akatazama, akatikisa kichwa. "Hicho hakijaingia," akasema. "Kesho saa kumi na moja."